Wasomaji Wanauliza: Picha ya ubao, hewa ya chumba na fundi mwenye jeki

Barua nyingi za mwezi huu zimehusu picha za kale zilizochorwa juu ya mbao. Tumechagua saba na kuzifupisha.

Mlinzi wa makumbusho, Ghent, Ubelgiji

*Habari zenu, ndugu. Mimi mtu wa Bukavu, kazi yangu ni ulinzi katika jumba la makumbusho hapa Ghent. Kwenye chumba cha picha za mbao, mlango ukikaa wazi dakika kumi tu, msimamizi anakuja juu. Picha zenyewe zina zaidi ya miaka mia tano. Dakika kumi zitaziua kweli?*

Haziziui, ndugu, lakini msimamizi wako ana sababu zake. Hewa ya nje ikiwa nyuzi 0 na unyevu wa asilimia 80 ya mvuke ambao hewa ya joto hilo ingeweza kubeba, kila mita ya ujazo imebeba chini ya gramu 4 za mvuke. Ikiingia ndani na kupashwa moto hadi nyuzi 20, mvuke ni uleule, ila hewa ya joto hilo ingeweza kubeba gramu 17. Asilimia inaporomoka hadi kama 23, na hiyo ni hewa ya jangwani ndani ya jengo ambalo nje yake kuna ukungu na manyunyu. Ndiyo maana miezi ya baridi ya Ulaya, tangu makanisa yalipoanza kupashwa moto, ndiyo inayopasua picha.

Ubao hunywa na kutoa maji kufuatana na hewa inayouzunguka. Kwenye unyevu wa asilimia 70, maji ndani ya mbao hufika kama asilimia 13 ya uzito wake mkavu. Kwenye asilimia 30 hubaki kama 6. Tofauti hiyo hubadili upana. Kwa kufuata urefu wa nyuzi, mbao hazisogei kiasi cha kuhesabika. Kwa kukata nyuzi husogea sana, na hapo namna gogo lilivyopasuliwa ndiyo inayoamua. Ubao uliopasuliwa kuelekea moyo wa gogo husogea kama nusu tu ya ule uliokatwa ubavuni. Chukua ubao wa popla, mti laini wa Ulaya, wa upana wa sentimita 50 uliokatwa ubavuni: ukitoka asilimia 70 hadi 30 na kutulia huko, utapungua karibu milimita 9. Wachoraji wa Flandria walipenda mwaloni uliotoka pwani za Baltiki, uliopasuliwa kuelekea moyo, na hiyo ni sababu kubwa ya picha za kwenu kuwa tulivu kuliko za Italia zilizochorwa juu ya popla.

Sasa weka juu ya ubao huo gundi ya ngozi, tabaka la chaki au jasi, kisha rangi ya mafuta. Tabaka hizo hazisinyai pamoja na mbao. Ubao ukipungua, rangi hukosa nafasi ya kukaa, ikajiinua katika matuta madogo yanayofuata nyuzi, kama paa la hema. Ubao ukitanuka, rangi huvutwa hadi kupasuka. Unyevu ukipita kama asilimia 75 balaa ni jingine: gundi iliyoshika chaki hulegea, na ukungu huanza kujitafutia chakula.

Ubao mnene wa sentimita mbili huchukua siku nyingi, hata wiki, kabla kiini chake hakijajua kwamba mlango ulifunguliwa. Lakini ngozi yake, ile milimita ya juu, pamoja na chaki na gundi, huitika ndani ya saa chache. Mlango wa dakika kumi mara moja si kitu. Mlango wa dakika kumi kila saa, Januari nzima, ni hali ya hewa mpya kabisa.

Na ukipita kwenye picha ya altareni ya wachoraji ndugu Van Eyck ya mwaka 1432, kumbuka kwamba mabawa yake, zile mbao za pembeni, yaliyokuwa Berlin yalipasuliwa kwa msumeno mwaka 1894, unene ukagawanywa mara mbili, ili watu waone pande zote mbili kwa pamoja. Ubao uliokonda hivyo huitika upesi zaidi kuliko ulivyokuwa ukiitika kabla ya hapo.

Katekista, Kenya

*Shikamooni wataalamu. Kanisani kwetu tuna ikoni ya Kirusi, yaani picha takatifu ya ubao, sentimita 40 kwa 32, zawadi ya zamani. Imebenuka mbele kama mgongo wa kobe. Fundi seremala anasema ataulowesha mgongo wa ubao kwa maji, aubane kwa jeki ya gari usiku kucha, kisha apigilie mbao tatu nyuma isirudi tena. Tumruhusu?*

Marahaba. Msimruhusu, na mwambieni kwa upole, maana kosa hilo walilifanya mafundi mashuhuri wa Ulaya kwa zaidi ya miaka mia.

Uso wa ikoni umefunikwa kwa kitani, jasi, rangi na vanishi. Mgongo uko uchi, kwa hiyo maji huingia na kutoka upande mmoja. Kila majira ya mvua mbao za mgongoni hutaka kutanuka, lakini zile za ndani, ambazo bado ni kavu, huzizuia. Zikizuiwa, vishimo vya nyuzi zake hupondeka kidogo. Kiangazi kikija husinyaa kuanzia pale zilipopondeka, kwa hiyo huwa fupi kuliko mwanzo. Rudia hayo miaka mia mbili na mgongo utakuwa mfupi kuliko uso, na uso utabenuka mbele. Ubenukaji wa namna hiyo haukai juu juu kiasi cha maji kuuondoa. Umo katika umbo la nyuzi zenyewe.

Fundi akilowesha mgongo, ubao utanyooka kweli, na atafurahi. Akipigilia zile mbao tatu, amefunga mlango. Ubao ukikauka utataka kurudi, misumari itakataa, na kitu pekee chenye ruhusa ya kuachia ni ubao wenyewe: utapasuka kufuata nyuzi, na ufa utapita katikati ya uso wa mtakatifu. Karne ya 19 mafundi wa Ulaya walikondesha picha kwa randa hadi chini ya sentimita moja, wakagundisha nyuma kimia cha mbao: za kwanza zimegundishwa kufuata nyuzi, za pili zikipita katika matundu ili ziteleze. Hazikuteleza kwa muda mrefu. Unyevu ulizibana matunduni, na kati ya mbao na mbao uso ukatengeneza mabonde, kama ubao wa kufulia nguo.

Mafundi wa Kirusi walilijua hilo tangu zamani. Geuza ikoni yenu utazame: huenda kuna vibao viwili vilivyopitishwa katika mifereji ya mgongoni bila gundi wala msumari. Kazi yake ni kuzuia ubao usipinde sana huku ukiruhusiwa kupanuka. Kama vimekwama, msivigonge kwa nyundo. Kama vimetokeza pembeni, jueni kwamba ubao umesinyaa kwa kiasi kile kile vilivyotokeza. Pimeni kwa rula, muandike.

Kazi ambayo fundi wenu anaweza kuifanya vizuri ni fremu, na hapo ujuzi wake unahitajika kweli. Aache nafasi ya milimita 3 kila upande kwa kukata nyuzi, na milimita 1 juu na chini. Asinyooshe ikoni ifuate fremu. Achonge fremu ifuate ikoni. Akate vipande vya kizibo au mbao laini kwa mkunjo uleule wa uso, avigundishe kwenye ngazi ya ndani ya fremu, pale uso wa ikoni unapoegemea, avifunike kwa felti. Nyuma ashikilie kwa vibano vya shaba vyepesi vyenye mnyumbuko, kimoja katikati ya ukingo wa juu na kimoja katikati ya ukingo wa chini, vimefungwa kwa skrubu kwenye fremu, kamwe si kwenye ubao. Pembeni aweke sponji ngumu tu. Kipimo cha kazi nzuri: sukuma kona ya ubao kwa kidole kimoja, ikisogea kidogo na kurudi, amefaulu.

Mona Lisa nayo imebenuka. Ni ubao mmoja wa popla, karibu sentimita 77 kwa 53, unene wa milimita 13, na ina ufa wa kale unaoshuka kutoka ukingo wa juu kama sentimita 11 hadi kwenye nywele. Makumbusho ya Louvre, Paris, hawajainyoosha. Wameifungia katika kisanduku chenye hewa tulivu, wameshikilia mgongo wake kwa fremu inayokubali mkunjo, na wanaupima.

Mwanafunzi, Dar es Salaam

*Vitabu vingine vinasema unyevu wa chumba cha picha uwe asilimia 50, vingine 55. Nani alipanga namba hizi, na ipi ni sahihi kwetu?*

Sehemu ya jibu iko katika machimbo ya mawe. Mwaka 1941, kwa kuogopa mabomu, picha za National Gallery ya London zilihamishiwa ndani ya mlima wa Manod huko Wales. Hewa ya mle ilipashwa moto hadi kama nyuzi 17, unyevu ukakaa karibu asilimia 42 mwaka mzima. Kwa mujibu wa vitabu vingi, hapo ni pakavu. Hata hivyo picha zilitulia, na malengelenge ya rangi ambayo mafundi walizoea kuyatibu kila majira karibu yakome. Vita ilipokwisha zikarudi London kwenye vyumba visivyodhibitiwa, na malengelenge yakarudi nayo.

Kwa hiyo uthabiti ni muhimu kuliko namba. Makubaliano ya wakuu wa makumbusho makubwa yanayoitwa Bizot, ya mwaka 2014, yanaruhusu asilimia 40 hadi 60 bila kuyumba zaidi ya 10 kwa saa 24, na nyuzi 16 hadi 25. Hayo ni kwa vitu vilivyozoea hali hiyo, na picha za mbao mara nyingi huhitaji masharti makali zaidi. Ubao ulioishi pwani miaka themanini kwenye asilimia 70 umeshajipanga huko. Nyufa zake zote zimepata nafasi zake. Ukiuhamishia chumba cha asilimia 50 kwa sababu kitabu kimesema, utafungua nyufa mpya. Kwa pwani yetu lengo la akili ni kuzuia usipite 65, kwa sababu ya ukungu, na kuzuia usiyumbe. Kushuka zaidi ya hapo kufanyike kwa miezi, si kwa siku.

Mama wa nyumbani, Nyali, Mombasa

*Mume wangu amerithi ikoni ya Ethiopia, ya ubao wa kati na milango miwili ya kukunjwa. Iko Addis Ababa, tutaileta kwa ndege. Sebuleni tuna kiyoyozi, tunakiwasha jioni hadi usiku. Inafaa kuitundika hapo?*

Safari kwanza, kwa sababu ni rahisi kuliko mnavyodhani. Kilo moja ya mbao iliyozoea asilimia 50 ina karibu gramu 90 za maji ndani yake. Hewa iliyomo kwenye kifurushi cha lita 30, katika nyuzi 25, ina theluthi moja ya gramu. Mkiufunga ubao ndani ya nailoni nzito isiyopitisha hewa, ubao ndio utakaoitawala hewa, kwa hiyo ndege ikipoa au ikipata joto hakuna kitakachoharibika. Hatua ni hizi: karatasi laini isiyo na asidi ndani ya milango ili nyuso zisisuguane, milango ifungwe kwa utepe wa pamba bila kukazwa, karatasi tena kuzunguka kote, nailoni tabaka mbili zilizozibwa kwa utepe, kisha sanduku lenye sponji ya sentimita 5 kila upande. Msifunge siku ya mvua kubwa. Bawaba za kamba au waya zisibebe uzito wowote.

Ikifika Mombasa, sanduku lisifunguliwe kwa saa 24, lishike joto la chumba. Kisha nailoni itobolewe matundu machache, ikae hivyo wiki mbili, ndipo ifunguliwe. Addis iko juu ya mita 2,300 na hewa yake ya kiangazi ni kavu; ubao utakunywa maji ya pwani bila kuulizwa, nanyi kazi yenu ni kuufanya unywe kwa kijiko.

Kiyoyozi sasa. Hewa yenu ya nyuzi 30 na unyevu wa asilimia 75 huanza kutoa umande kwenye kitu chochote chenye nyuzi 25 au chini. Chumba kimepozwa hadi 21 tangu saa moja jioni. Saa tano mnazima na kufungua dirisha. Hewa ya bahari inaingia na kukuta ukuta, kioo na ikoni vikiwa vya baridi. Umande huo hamtauona juu ya ikoni kama mnavyouona kwenye chupa ya soda, kwa sababu mgongo wa ubao huunywa papo hapo. Rudieni kila usiku na mtakuwa mmeutengenezea ubao majira mawili kwa siku.

Kiyoyozi cha muda wa saa nne kila jioni ni kibaya kuliko kutokuwa nacho. Chagueni moja: ama chumba kikae nyuzi 26 au 27 mchana na usiku, ama ikoni ikae chumba kisicho na kiyoyozi, chenye feni na hewa inayopita. Hilo la pili ndilo tunalolipendekeza, pamoja na mashine ndogo ya kukausha hewa iliyowekwa asilimia 60 miezi ya masika. Msiitundike ukuta wa nje, wala ukuta wenye bomba la maji, wala mbele ya mdomo wa kiyoyozi. Bandikeni vizibo vya sentimita 2 nyuma ya fremu, hewa ipite kati yake na ukuta.

Baada ya miezi mitatu, kama mgongo ni mkavu na hauna harufu ya uvundo, funikeni nyuma kwa ubao wa plastiki wenye mifereji ndani, ule wanaotumia watengeneza mabango, umeshikwa kwa skrubu kwenye fremu, ukiwa mbali na mbao kwa sentimita moja. Unapunguza kasi ya mabadiliko kuliko kifaa chochote cha bei ileile. Lakini ukifunika mgongo uliokwisha kulowa, umefuga ukungu.

Msomaji, Unguja

*Nimenunua kipima unyevu cha bei nafuu. Nitajuaje kama kinasema kweli?*

Weka chumvi ya mezani ndani ya kizibo cha chupa, dondoshea maji hadi iwe kama uji mzito, isiwe maji ya chumvi. Weka kizibo na kipimo pamoja ndani ya mfuko wa nailoni uliofungwa vizuri, visigusane, kwa muda wa saa 12. Kipimo kinapaswa kusoma 75. Kikisoma 69, andika "ongeza 6" mgongoni mwake. Rudia kila miezi sita.

Mkusanyaji, Muscat, Oman

*Kabati langu la kioo kwa picha moja ya ubao ni sentimita 60 kwa 50 kwa 12. Nimetia pakiti za silika jeli zilizotoka kwenye masanduku ya viatu. Zinatosha?*

Zitoe leo. Silika ya viatu imekaushwa kabisa ili inyonye kila kitu. Itaukausha ubao wako kama kokwa. Unayoitaka ni silika iliyokwisha kuzoeshwa unyevu unaoutaka, ili hewa ikikauka itoe na ikilowa inyonye.

Kanuni ya Garry Thomson, mwanasayansi wa National Gallery ya London, ya mwaka 1977, ni kilo 20 kwa kila mita ya ujazo. Kabati lako ni mita za ujazo 0.036, kwa hiyo gramu 720, weka 800. Kuizoesha: mwaga silika kwenye trei tambarare ndani ya sanduku la plastiki lenye mfuniko, na pembeni bakuli la uji mzito wa magnesi naitreti (aina ya chumvi) na maji, ambao katika nyuzi 25 hushikilia hewa kwenye asilimia 53. Koroga silika kila siku mbili, pima uzito. Uzito usipobadilika kwa wiki moja, iko tayari. Chumvi hiyo isiingie kabatini kamwe, hata chembe.

Silika ikae kwenye droo ya chini yenye matundu, isiguse picha. Kisha ziba mianya ya kabati, kwa sababu kabati linalovuja hushinda kilo zozote. Kipimo kidogo kikae ndani pembeni. Kikianza kupita 5 juu au chini ya kawaida yake, toa silika uizoeshe upya.

Msomaji, Dar es Salaam

*Paa lilivuja, picha ya ubao ya babu imelowa kabisa, rangi imeanza kuinuka. Naomba jibu la haraka. Na bodi ya Tingatinga iliyokuwa karibu nayo imevimba pembeni.*

Ilaze uso ukiangalia juu, juu ya vipande vinne vya mbao ili hewa ipite chini. Usiifute, usiianike juani, usitumie feni wala kikausha nywele. Maji yaliyotuama yanyonye kwa ncha ya karatasi laini bila kugusa rangi. Vipande vilivyodondoka viokote kwa brashi, viweke kwenye bahasha, andika vilipotoka. Kubandika tena ni kazi ya mhifadhi, yaani mtaalamu wa kutibu picha, mwenye karatasi nyembamba za Kijapani na gundi yake.

Mnamo tarehe 4 Novemba 1966 mto Arno ulifurika katika mji wa Florence, Italia. Msalaba uliochorwa na Cimabue katika kanisa la Santa Croce ulipoteza sehemu kubwa ya rangi yake. "Karamu ya Mwisho" ya mchoraji Giorgio Vasari, ya mwaka 1546, paneli tano, ilikaa majini zaidi ya saa kumi na mbili. Picha za mbao zilipelekwa kwenye nyumba ya miti ya malimau katika bustani ya Boboli, wakaanza na unyevu wa zaidi ya asilimia 90, wakaushusha polepole kwa miezi, maana jasi iliyolainika haiwezi kufuata ubao unaosinyaa kwa kasi. Ya Vasari ilirudi ukutani mwaka 2016.

Nyumbani fanya hivi: hema la nailoni juu ya picha, lisiiguse, lenye matundu mawili madogo, na kipimo ndani. Fungua matundu zaidi kila baada ya siku tatu, unyevu ushuke asilimia 1 au 2 kwa siku, si zaidi. Kwenye joto la Dar ukungu utakuja kabla ya wiki kuisha, kwa hiyo kama una chumba cha kiyoyozi kinachokaa nyuzi 18 hadi 20 bila kuzimwa, hema liwe humo. Ukiona nywele nyeupe za ukungu, usizipulize. Ongeza tundu moja upande wa juu. Pima uzito wa ubao kila wiki kwa mizani ya jikoni, hadi uache kupungua.

Bodi ya Tingatinga ni suala jingine. Edward Saidi Tingatinga alipoanza mwaka 1968 alichora juu ya hadibodi kwa rangi za mafuta za kung'aa. Hadibodi haina nyuzi za upande mmoja, kwa hiyo haibenuki kama ubao. Hunywa maji kwenye kingo, huvimba, na uvimbe huo haurudi. Iweke kati ya karatasi nene kavu, uso juu, bila uzito siku mbili za kwanza, ubadilishe karatasi ya chini kila saa sita. Usiikate pembe zilizovimba ili ipendeze kwenye fremu: mara nyingi huko ndiko sahihi iliko.